Tela Lenye Mapazia

Jumatatu, 3 Agosti

Nina tela. Yaani, sina. Lakini jana mezani kwa baba mkwe nilisema ninalo, na ukoo mzima ulisikia.

Ilikuwa hivi. Baba mkwe alikuwa mpima ardhi enzi za ujana wake. Kule ziwani, mwendo wa kutwa nzima na vumbi lake, alisimika jiwe la mpaka la zege. Kabla zege halijakauka akachora juu yake kwa msumari jina la msichana aliyekuwa akimposa. Msichana huyo ndiye marehemu mama mkwe. Jana mzee akasema anataka kwenda kulisoma jina lile mara moja tu zaidi. Macho yanaingia ukungu, na daktari wa macho hakumficha. Mwakani huenda asiuone hata mkono wake mwenyewe.

Meza nzima ikanyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza nayo.

Breki akasema atampeleka yeye. Breki ni mwanyumba wangu. Tumeoa mtu na dada yake, na tangu siku ya kwanza yeye ndiye mkwe, mimi ni yule mwingine. Ni mwalimu wa udereva. Ana pikapu ya milango minne. Huongea polepole, kama kwamba kila mtu ameshika usukani kwa mara ya kwanza. Akasema watalala kwenye mahema.

Mahema! Mzee mwenye magoti yale! Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema baba hatalala chini na mimi nipo hai. Nikasema nina tela lililofunikwa pande zote, lenye kitanda. Mke wangu akaacha kutafuna.

Baba mkwe akanishika mkono, akasema asante, mwanangu. Siku zote huniita bwana mapazia, kwa kuwa nina duka la mapazia. Mwanangu! Breki alilisikia neno hilo. Nilihakikisha.

Njiani kurudi mke wangu aliuliza tela liko wapi. Nikamwambia liko njiani.


Jumanne, 4 Agosti

Nimefunga duka mapema, nimeenda uwanja wa magari makuukuu. Matela ya kufunikwa yalikuwepo mawili tu.

La kwanza lina magurudumu manne na breki zake lenyewe. Lina vidirisha ubavuni, na mlango unafunguka hata ukiwa ndani. Lakini rangi yake! Kijani cha maji ya bwawa. Na ubavu mmoja umebonyea. Nikimpeleka baba mkwe ndani ya lile, Breki atacheka mpaka mwaka uishe.

La pili ni jeupe. Linang'aa. Lina magurudumu mawili. Lilikuwa likibeba spika za bendi ya harusi, kwa hiyo limezibwa kotekote, halipitishi vumbi wala tone la mvua. Hakuna hata tundu la sindano. Nikalipenda pale pale.

Mwenye uwanja ni mtu mwaminifu, hilo nitalikiri. Alisema hili ni la mizigo, si la watu. Akasema komeo liko nje tu, kwa sababu spika hazina haja ya kutoka. Nikamjibu kwamba mtu akishalala ni mzigo tu.

Hakutaka fedha. Ana nyumba ya wageni yenye madirisha matupu, na anataka yote yavishwe. Tumepeana mikono. Nitashona mpaka vidole viote sugu. Sikumwambia mke wangu habari ya madirisha.


Alhamisi, 6 Agosti

Seremala amefika. Breki naye amefika bila kualikwa. Alizunguka tela mara mbili akiwa ameweka mikono nyuma, akauliza kwa ile sauti yake ya darasani dirisha liko wapi.

Nilikuwa nimeshapanga kutoboa dirisha. Naapa. Lakini kwa kuwa amesema yeye, haikuwezekana tena. Nikamwambia dirisha ni mlango wa vumbi. Nikamwambia mimi nimeishi na madirisha tangu ujana na nayajua kuliko yeye. Watu hawapendi dirisha, wanapenda pazia. Dirisha ni kisingizio cha pazia tu.

Seremala akaacha kupiga msumari ili anisikilize vizuri.

Breki akasema mzee atahitaji hewa na mwanga. Akashauri pia vitu vizito vikae mbele, juu ya magurudumu au mbele yake kidogo, ama sivyo tela litatikisa mkia. Nikamwambia nitayazingatia. Sikuzingatia lolote.

Jioni nimetundika mapazia. Kitambaa kizito cha zambarau, kile ninachowawekea wateja wa heshima, kikiwa na pindo la dhahabu na kamba za kukifungia pembeni. Kushoto na kulia. Nyuma yake ni plaiwudi, lakini nani atachungulia? Ukiingia unadhani uko sebuleni kwa tajiri. Nilikaa ndani peke yangu nikalia kidogo kwa furaha.

Mke wangu amechungulia. Amefungua pazia, akakuta ubao. Amelifunga tena polepole, akaenda kulala.


Ijumaa, 7 Agosti

Kitanda kimekamilika. Ni cha kutelezeshwa. Kinavutwa nje kama droo, mzee anakaa, analala, kisha unamsukuma ndani taratibu. Magoti hayapandi ngazi hata moja. Ni wazo langu mwenyewe! Nilitaka kitelezee kwenye reli za pazia, seremala akakataa katakata, akaweka za chuma. Basi.

Tatizo dogo. Nililitoa tela nje ya geti ili jua lilipige, watu walione. Jirani anayeshona viatu alipita, akavua kofia. Nikadhani ananisalimu. Baadaye mama wa duka la mkabala alikuja na kanga kichwani, akaniambia pole, akauliza mzee amefariki lini.

Tela jeupe. Mapazia ya zambarau. Kitanda cha kusukuma.

Nimefunga milango, nimelirudisha ndani. Nimemwambia yule mama kwamba mzee ni mzima. Hakuniamini. Alisema yote ni mipango ya Mungu.


Jumamosi, 8 Agosti

Jaribio la barabarani. Gari langu dogo, tela nyuma. Kwenda mbele ni rahisi mno. Sielewi kwa nini watu hujisifu kwa udereva.

Kurudi nyuma ni habari nyingine. Ukitaka mkia uende kushoto, usukani unakwenda kulia. Nani aliamua hivyo? Nilijaribu kugeuza kwenye mtaa wetu, tela likajikunja kama panzi, likaziba njia yote kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma yangu magari. Mbele yangu magari. Honi juu ya honi. Na katikati ya magari hayo, lile lenye herufi kubwa ya mwanafunzi juu ya paa.

Breki akashuka. Hakucheka. Natamani angecheka. Aliniomba kwa upole nimpishe, kisha akamkaribisha mwanafunzi wake akae kwenye gari langu. Mama mtu mzima, mwenye miwani, ameanza masomo juzi. Breki akasimama nje, akawa anamwonyesha kwa kidole kimoja, kushoto, kulia, sawa, nyoosha. Yule mama akalitoa. Mtaa mzima ukapiga makofi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema kwa sauti kwamba usukani wangu una hitilafu. Yule mama akasema hakuiona.


Jumapili, 9 Agosti

Sijui kama nitaweza kuandika hili.

Leo ilikuwa siku ya kulionyesha tela. Baba mkwe amekuja na kofia yake ya kazini ya zamani, ile ya turubai, ameipiga brashi. Nilimwongoza kwa mkono. Nikavuta kitanda, akakaa, akalala. Akasema ni kizuri. Nikamsukuma ndani, nikarudishia milango ili aonje utulivu. Dakika moja tu, nilimwambia.

Ndipo Breki alipoingia na pikapu, imefungwa turubai jipya nyuma.

Nikaenda kulitazama turubai. Sitajidanganya katika kitabu changu mwenyewe. Nilienda kutafuta kasoro. Nikalipata pindo lililoshonwa vibaya, nikamweleza, akabisha, nikabisha, shemeji, mke wa Breki, akaleta vinywaji baridi, nikachukua kimoja. Nikaeleza habari za mapindo. Nilizieleza kwa kirefu. Nilikuwa nashinda!

Mke wangu akatoka jikoni akauliza baba yuko wapi. Nikasema amepumzika ndani. Akasema ndani hayumo.

Hapo tukasikia kugongwa. Taratibu, kwa kiganja. Si kelele za mtu mwenye hasira. Ni hodi ya mtu mwenye adabu aliyekwishagonga kwa muda mrefu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mimi ndiye niliyelifunga. Sikumbuki kulifunga. Miaka yote hii kila ninaporudishia mlango wa duka mkono hubana kufuli wenyewe, na leo umebana kufuli juu ya baba wa mke wangu. Nikajipapasa mifuko yote. Ufunguo ulikuwa kwenye mkono ulioshika chupa.

Tulipofungua, joto lilitoka kama la tanuri. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limelowa, kofia magotini, mikono juu ya kofia. Pazia la kushoto lilikuwa limefunguliwa. Hata kamba alikuwa ameifunga vizuri pembeni.

Alinyanyua uso kuelekea kwenye mwanga, akafikicha macho, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Nilipitiwa na usingizi. Nikaamka, nikafungua pazia, nikaona giza. Nikajua basi, macho yamekwisha."

Hakulaumu. Alikuwa anaeleza tu, kama anavyoeleza hali ya hewa.

Breki hakusema neno kuhusu dirisha. Alimshika mzee kwapani, wakaenda kivulini. Mimi nilibaki na chupa yangu.


Jumatatu, 10 Agosti

Sikufungua duka. Nimeona aibu nyingi maishani, nyingine nimezizoea kama viatu, lakini hii haivaliki. Kila nikifumba macho naiona ile kamba iliyofungwa vizuri.

Mke wangu hajanigombeza. Anapika, anaweka mezani, ananikaribisha kama mgeni. Nilimwambia anitukane yaishe. Akasema jana baba yake alilala taa ikiwaka, na kila akishtuka anamwita mtu amthibitishie kwamba inawaka.

Kisha akaniuliza kitu kimoja. Mtu anaomba kwenda kuona, kwa mara ya mwisho. Ilikuwaje mimi, kwa mapenzi yangu yote, nikamtengenezea sanduku?

Nimekaa na swali hilo kutwa nzima. Nilitaka aniite mwanangu tena, ndilo jibu, na halisemeki mbele ya mtu.

Jioni nimefikiri sana. Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kitambaa kilikuwa kizito mno. Kingekuwa chepesi, cheupe, mzee asingeshtuka.

Nimemwambia mke wangu. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akahamia chumba cha watoto.


Jumatano, 12 Agosti

Baba mkwe amekuja dukani. Peke yake, kwa miguu, na magoti yale. Nilijificha nyuma ya marobota. Akanisalimu kupitia kitambaa, akasema viatu vyangu vinaonekana.

Nikatoka. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. Akasema mlango hufungwa na yeyote. Akasema wakati wa upimaji waliwahi kumsahau kilimani na darubini yake siku nzima, na waliomsahau walikuja kuwa marafiki zake. Akasema safari iko palepale Ijumaa. Yeye atakaa kwenye pikapu, kiti cha mbele, dirishani. Lakini anaomba tela langu nalo liende, libebe vyombo na maji, kwa kuwa limetengenezwa vizuri na ni aibu likae bure.

Ananihurumia. Mzee anayepoteza macho amevuka mji mzima kwa miguu ili kuja kunihurumia. Nilimmiminia glasi ya maji nikamwaga nusu.

Alipokuwa anaondoka aligusa pazia moja dukani, akalisogeza, akatazama barabarani kwa muda. Halafu akalirudisha.


Ijumaa, 14 Agosti

Tumesafiri. Tuseme hivyo.

Breki alinikumbusha vitu vizito vikae mbele. Lakini milango iko nyuma! Mtu mzima atambae mpaka mbele na pipa la maji? Nikaweka pipa mlangoni, na jiko, na mkaa, na masanduku ya soda. Mbele nikaweka mito.

Kabla ya kuondoka tela lilikuwa limeinua pua kidogo. Nilidhani ni madaha.

Kwenye mteremko wa kwanza mrefu mkia ukaanza kutikisika. Kushoto, kulia. Mke wangu, aliyekubali kupanda gari langu kwa kuwa baba yake alimwomba, alishika dashibodi kwa mikono miwili akaanza kusali. Nikakanyaga breki, likazidi. Mapazia nilikuwa nayasikia yakipigapiga nyuma huko. Tulisimama mwishoni mwa mteremko kwa rehema za Mungu na kichaka kimoja kikubwa.

Hakuna aliyeumia. Kichaka tu.

Tuliliburuta mpaka kituo cha mafuta, tukaliacha pale tela na gari pia, kwa sababu kishikio cha nyuma kimepinda na kimevuta bampa. Mlinzi wa kituo alizunguka tela, akavua kofia, akauliza mwili uko wapi.

Vyombo vyote vikahamia kwenye pikapu. Mbele, Breki na baba mkwe. Nyuma yao, mke wangu na dada yake. Kiti kilichobaki kingetosha mtoto. Kwa hiyo mimi nilisafiri nyuma, chini ya turubai, kati ya pipa na mkaa. Giza. Joto. Hakuna pa kuchungulia. Nilipasikia tu mahali tulipopita, sikupaona.

Mbele huko nilimsikia baba mkwe akitaja kila kilima kwa jina, na akicheka. Nilifurahi, naapa. Niliona aibu na furaha, vyote pamoja, na mkaa puani.

Pindo la turubai kweli limeshonwa vibaya. Vumbi lote lilipita pale.


Jumamosi, 15 Agosti

Ziwani. Tumelala kwenye mahema, katika kambi ya wageni. Baba mkwe amelala vizuri kuliko sisi sote.

Asubuhi alitangulia yeye, fimbo mkononi, akihesabu hatua kwa midomo kama zamani. Breki upande mmoja, mke wangu upande mwingine, shemeji nyuma. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba leo nitakuwa pale. Sitasema kitu, sitashindana na mtu, nitasimama tu karibu naye atakapolisoma jina lile. Ni jambo dogo. Hata mimi ningeliweza.

Tukapita karibu na ofisi ya kambi. Kando ya ofisi kulikuwa na tela.

La kufunikwa. Magurudumu manne. Bluu! Refu kuliko langu kwa hatua kadhaa. Nilisimama kidogo tu. Nikainama nione chini, chuma safi, hakuna kutu. Mwenye kambi akatoka na mswaki mdomoni, akasema halitumii. Nikamuuliza kwa nini madirisha ya ofisi yake hayana mapazia. Akasema hajapata fundi wa maana huku porini. Moyo wangu ukaanza kudunda. Tukaingia ndani kupima madirisha. Yapo mengi, na ni mapana.

Nilipotoka walikuwa wanarudi. Mke wangu macho mekundu, amemshika baba yake kiwiko. Breki, Breki huyu ninayemjua, amevua miwani ya jua anaifuta. Breki alilia! Na mimi sikuwepo kuona.

Baba mkwe alikuwa na vumbi la zege kwenye ncha za vidole. Hakuwa ameniona nimebaki. Kwa macho yale, walio nyuma yake ni vivuli tu vinavyomfuata. Akanitafuta kwa mkono, akanishika bega, akasema, "Umeliona, mwanangu? Herufi zote zipo."

Nikasema nimeliona, baba. Nikasema zote zipo.

Mke wangu alinitazama. Alikiona kipimo cha utepe kinaning'inia mfukoni mwangu. Aliniacha na uongo wangu, na mkono wa mzee ukiwa bado begani.

Nimeona haya hata kula. Nimekaa hemani kutwa nzima. Nimeamua kesho kabla hatujaondoka nitakwenda mwenyewe, peke yangu, nilitafute jiwe nilisome mpaka nilikariri, ili uongo wa leo uwe kweli. Nimeamua na haitabadilika.

Lakini si asubuhi. Asubuhi nimeahidiana na mwenye kambi: tela lake kwa mapazia yangu. Anasema lile la bluu halina dirisha hata moja, na ndivyo ilivyo bora, kwa sababu ndani ya tela nimeshapima na mapazia ya manjano yatakaa vizuri ajabu.